Kumpata Mpiga Picha Mwenyeji Ukienda Unguja

Wanaokwenda Unguja kwa fungate, kwa likizo ya familia, au kurudi nyumbani baada ya miaka ya ughaibuni, wengi siku hizi hutenga fedha za mpiga picha wa huko huko. Kwangu mimi hizo ni fedha zilizotumika vizuri, ila ujue unanunua nini. Simu uliyo nayo mfukoni inapiga picha safi. Kamera kubwa unaweza kuikodi Dar es Salaam ukavuka nayo kwa boti ya asubuhi. Usichoweza kuvuka nacho ni kufahamiana na mwenye nyumba ya ule mlango mkubwa wa Hurumzi, kujua maji yatakuwa wapi Jambiani asubuhi ya Jumamosi unayoitaka, na kujua baraza ipi ya Sokomuhogo haina shida na kamera na ipi haitaki kuiona. Hayo ndiyo unayomlipia mwenyeji, na kila swali utakalomuuliza kabla ya kumpa kazi liwe la kupima hayo.

Anza na jua na maji. Bei iache baadaye.

Unguja ipo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa za jua hazibadiliki sana mwaka mzima. Huchomoza kati ya saa 11:55 alfajiri na 12:40 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni. Linapozama hushuka wima na haraka, na dakika ishirini na kitu baadaye kiza kimeshaingia. Mwanga wa dhahabu wanaoupenda wapiga picha haukungojei. Ukichelewa nusu saa kwa sababu ya kusuka nywele au teksi iliyokwama Darajani, umepoteza karibu kazi yote ya jioni. Mpiga picha anayekwambia mkutane saa kumi na mbili kamili kwa ajili ya machweo hajui kazi, au ana mteja mwingine kabla yako. Mwambie saa kumi na nusu.

Halafu kuna upande wa kisiwa. Mji Mkongwe, kuanzia Forodhani hadi Shangani, unatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini mbele yako. Kendwa ni vivyo hivyo. Paje, Jambiani na Matemwe ziko mashariki, na huko bahari ni ya macheo. Jioni jua linazama nyuma ya minazi na ufukwe unabaki kivulini. Wengi hufikia hoteli za Paje kisha wakaomba picha za jua kuzama majini. Mwenyeji mzuri atawaeleza mapema kwamba hilo halipo, na atawapeleka Michamvi Kae, kijiji kilicho upande huo huo wa mashariki lakini kinachotazama magharibi juu ya ghuba ya Chwaka. Ukisikia jina hilo limetajwa kabla hujaliuliza, una mtu anayekijua kisiwa.

Maji ni muhimu zaidi ya jua, na ndiyo yanayosahauliwa. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Katika siku hizo maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu saa hizo hugeuka, na tofauti huwa ndogo. Kwa pwani ya mashariki, iliyo tambarare hadi kwenye mwamba wa mbali, maana yake ni kwamba ufukwe ule wa buluu uliouona kwenye tangazo unaweza kuwa uwanja wa matope, mwani na madimbwi unapoamka. Mkahawa maarufu uliojengwa juu ya jabali kule Pingwe huendewa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa, na picha za saa hizo mbili hazifanani hata kidogo. Pwani ya Nungwi na Kendwa haiathiriki sana, ndiyo maana wasiotaka kuhesabu mwezi huishia huko.

Basi swali lako la kwanza liwe: wiki ninayokuja, maji yatakuwaje asubuhi na jioni? Akijibu papo hapo, vizuri. Akisema ngoja nitazame jedwali la maji, vizuri pia. Akikwambia usijali, bahari ipo tu, tafuta mwingine.

Kuhusu misimu sina maneno mengi. Masika, Machi hadi Mei, mvua ni za kweli, na vuli ya Novemba hunyesha na kuacha. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo wa Paje na Jambiani ni mkali, kwa hiyo mtandio na shela viwe na pini, au kazi ihamie upande wa Kendwa au vichochoroni mjini.

Vichochoro vyenyewe vina siri yao. Adhuhuri, wakati ufukwe haupigiki kwa ukali wa jua, njia nyembamba za Kiponda na Mkunazini huwa na kivuli kati ya majumba marefu, na kuta za chokaa huurudisha mwanga ukiwa laini. Mpiga picha mzoefu atakupangia mji mchana na pwani asubuhi au jioni. Ukitaka njia ziwe tupu, nenda kunapopambazuka, kabla maduka ya Gizenga hayajafunguliwa na kabla wageni hawajamaliza chai hotelini.

Sasa niseme jambo ninalolijali kuliko yote katika kazi hii, nalo ni ngozi yako. Kamera huachiwa ijipimie mwanga yenyewe, na ikiona mchanga mweupe na anga inayong'aa huamua kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza. Mchanga unatoka vizuri, sura ya Mwafrika inatoka imefifia, macho hayaonekani. Kisha mtu akiwa kwenye kompyuta anajaribu kuokoa picha kwa kupandisha mwanga wa uso peke yake, na unapokea picha ya mtu wa rangi ya majivu. Wengine huenda mbali zaidi: wanangʼarisha ngozi kwa makusudi wakidhani wanakufurahisha. Mama mweusi aliyependeza kwa weusi wake anarudishiwa picha ya mwanamke asiyemjua. Kataa hilo tangu mwanzo, kwa maandishi. Na unapotazama kazi za mpiga picha, tafuta watu wa rangi yako, kwenye jua kali, karibu na kitu cheupe. Kama ukurasa wake wote ni wageni wa Kizungu machweoni, hujajua bado kama anaweza kukupiga wewe. Muulize anafanyaje kwa wanandoa ambao mmoja ni mweupe zaidi ya mwenzake. Anayejua atakueleza habari za kuwaweka kivulini, kuwapa jua mgongo, kutumia ubao wa kurudishia mwanga au flashi ndogo. Asiyejua atakwambia nitarekebisha baadaye.

Ukurasa wa Instagram, kwa ujumla, ni shahidi dhaifu. Una picha bora kumi kutoka kwa wateja kumi. Omba akuonyeshe kazi moja nzima ya mteja mmoja, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, akiwa na ruhusa ya mteja huyo. Hapo utaona mikono inavyowekwa, watoto waliochoka, picha za mchana, na kama kuna picha nzuri za mtu asiyejua kupozi, maana wengi wetu hatujui. Tazama pia kama picha ni zake kweli. Ukiona watu wamesimama kwenye varanda za Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, muulize ni za mwaka gani, kwa sababu sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu umri wa kazi anazozionyesha. Kisha mpigie simu ya video kwa dakika chache. Hakikisha anayekujibu ndiye atakayeshika kamera, kwa kuwa wapo wanaopokea kazi kwa jina moja na kutuma kijana mwingine.

Utakutana pia na wanaokufuata bandarini na Forodhani wakiwa na kamera shingoni. Usiwachanganye wote na mapapasi, wale madalali wanaowaganda wageni. Wako wanaopiga picha na kukusafishia hapo hapo, na kwa kumbukumbu ya dakika tano wanatosha. Patana bei na idadi kabla ya picha ya kwanza, na kazi ya maana usimpe mtu uliyekutana naye dakika hiyo. Kupatana kuna adabu yake. Mji huu una wapiga picha wa kulipwa tangu karne ya 19, enzi za studio ya A. C. Gomes, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Ni ufundi wa watu, wenye gharama za vifaa, mafuta na saa za kuhariri usiku. Mwombe apunguze muda au idadi ya picha ili bei ishuke, usimwambie kwamba hata simu yako ingefanya.

Suala la ruhusa ndilo linalomtofautisha mwenyeji na mgeni mwenye kamera. Mlango wa nakshi ni mlango wa nyumba ya mtu, na nyuma yake kuna wanawake, wazee na wagonjwa. Mpiga picha wa kweli hupiga hodi, huwaamkia waliokaa barazani, hueleza anachofanya, kisha ndipo anakuita. Nawe fanya sehemu yako. Toa salamu, shikamoo kwa wakubwa, na uvae nguo inayofunika mabega na magoti unapokuwa mjini na vijijini. Vazi la kuogelea ni la fukweni. Akikwambia hapa tusipige, usimbishie: wewe utaondoka na boti ya Jumapili, yeye atapita njia hiyo Jumatatu.

Kuna pahala pawili ambapo ningependa kila mwenyeji awe na ujasiri wa kumkatalia mteja. Pa kwanza ni Mkunazini, kwenye ua wa kanisa kuu la Kianglikana, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Sanamu za watu waliofungwa minyororo zilizowekwa shimoni mwaka 1998 ni za kusimama mbele yake kimya. Picha za fungate zipelekwe kwingine. Pa pili ni kwenye mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani. Wale akina mama walioinama majini maji yakipwa wako kazini, na wamekuwa wakipigwa picha na wapita njia tangu kilimo hicho kianze mwishoni mwa miaka ya 1980, mara nyingi bila hata salamu. Ukiwataka kwenye picha yako, mpiga picha awaombe kwanza, waseme wenyewe wanataka nini, na wakikataa mgeuke.

Bandari, kambi za jeshi, vituo vya polisi na majengo ya Ikulu msiyaelekezee kamera kabisa. Droni nayo haipai kwa maneno: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na vyombo vya usalama navyo vina neno lao. Mwambie akutumie picha ya kibali kabla ya kukutoza fedha ya droni.

Kama wewe au mkeo mnajisitiri, hapa ndipo pa kuwa makini. Wengi wanataka picha chache za faragha, bila mtandio, chumbani au kwenye ua wa nyumba ya wageni, kwa macho ya mume tu. Watu wa pwani wanalijua hilo vizuri, maana kwenye shughuli za wanawake kamera mara nyingi hukatazwa. Omba mpiga picha mwanamke, wapo mjini, lakini usiishie hapo. Uliza nani atahariri. Kuna mabibi wanaopiga wenyewe kisha wakapeleka mafaili kwa kijana wa kuhariri, naye huona picha zote. Dai ahariri mwenyewe, picha za faragha zisipitie simu ya mtu mwingine, na azifute akishakukabidhi. Hayo si ya kuonea haya kuyatamka.

Ramadhani ina mpangilio wake. Mpiga picha aliyefunga hawezi kukupiga jua likizama, kwa sababu saa hiyo ndiyo ya kufuturu. Pangeni alfajiri, na mchana msipige picha mkila au kunywa njiani. Miezi mingine pia, adhana ya Magharibi huja pamoja na machweo, kwa hiyo ukiajiri mswalihina, mkubaliane mapema kwamba atamaliza kazi kisha ataswali, au mtapumzika kidogo. Ukimwambia wewe kabla hajakuomba, atafanya kazi moyo ukiwa umetulia.

Mkishaelewana, andikeni. Mkataba wa kurasa nne hauhitajiki, ujumbe mmoja wa WhatsApp unaojibiwa kwa neno nimekubali unatosha kumaliza ugomvi mwingi. Unaweza kuandika hivi:

“Assalaam aleikum kaka. Nithibitishie tulivyokubaliana. Kazi ni Jumamosi, Mji Mkongwe kuanzia saa 12 na robo asubuhi hadi saa 2, kisha Kendwa kuanzia saa 10 na nusu hadi jua kuzama. Tuko watu wazima wawili na mtoto mmoja. Utapiga wewe mwenyewe. Bei ni ya jumla kwa shilingi, pamoja na gari lako kwenda na kurudi. Arbuni ni theluthi moja, nimeituma leo. Picha zilizohaririwa zisipungue 60, za ukubwa kamili, kwa linki, ndani ya siku 14. Ngozi zetu zisingʼarishwe. Picha za mtoto zisiwekwe mtandaoni, zetu wawili uniulize kwanza. Mvua ikinyesha tunahamia Jumapili kwa bei hiyo hiyo. Ukipata udhuru, unarudisha arbuni au unaleta mtu ambaye nimemkubali.”

Sentensi ya picha za mtoto wengi huiacha. Usiiache. Nchini Kenya, mwaka 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mpiga picha anaishi kwa kuonyesha kazi zake, na ni haki yake kukuomba. Ni haki yako pia kukataa, au kumruhusu picha tatu ulizozichagua. Wengine watakupunguzia bei ukiwaruhusu, na hayo ni mapatano mazuri kama umeyaingia kwa hiari.

Jina la kwenye muamala wa simu lilingane na jina la mtu uliyezungumza naye. Usilipe yote mapema. Uliza pia viingilio vinalipwa na nani: Ngome Kongwe ikiwa na shughuli, Jozani kwenye kima punju, mashua ya kukupeleka kwenye fungu la mchanga. Mengi ya malalamiko niyasikiayo hutokana na vitu hivi vidogo ambavyo kila upande ulidhani ni vya mwenzake.

Siku yenyewe, mavazi ya rangi moja iliyokolea hupendeza mbele ya kuta zilizochakaa, na kanga hupendeza mbele ya kitu kisicho na nakshi. Kanga na mlango wa nakshi vikikutana, jicho halijui litazame wapi. Viatu viwe vya kutembelea kwenye mawe, hasa kwa bibi au mama mjamzito. Mtoto mdogo apigwe kwanza, akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, na nusu saa inamtosha. Usimwambie mpiga picha kila dakika asimame hapa au pale. Mpe picha mbili au tatu unazozitaka kwa lazima, kama ile ya babu na wajukuu wote, kisha mwache afanye kazi uliyomlipia. Kabla hamjaachana, muulize kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili, au kama atazihamisha picha usiku huo huo. Kadi huharibika, na fungate hairudiwi.

Picha zikija, usikubali zipitie WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu huminywa zikapoteza ukali. Linki ifunguke, uzishushe zote kabla haijaisha muda, uziweke pahala pawili tofauti, na ndipo umalizie fedha iliyobaki. Ukitaka kutundika moja ukutani kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 45, faili liwe na pikseli zisizopungua kama 3,500 kwa 5,300. Lenye pikseli 1,080 linatosha skrini ya simu tu. Usiongeze filta zako juu ya kazi yake kisha ukaandika jina lake. Ukiandika jina, picha ibaki alivyoitoa.

Na kama mzee wa barazani au mwenye ule mlango alikubali kuonekana, chagua picha aliyotoka vizuri na umtumie mpiga picha fedha ya kusafisha nakala mbili tatu awapelekee. Wiki ijayo atapiga hodi pale pale akiwa na mteja mwingine.